Kwa nini utando wako unalipuka ukiuweka majini

Kila msimu wa projekti kuna mtu wa mwaka wa mwisho ananifuata kimbwetani na laptopu. Utando wake unatetema vizuri hewani, lakini akibadilisha hewa kuwa maji, namba zinapaa hadi kompyuta inakata tamaa. Ushauri aliopewa na wenzake ni uleule: punguza hatua ya muda. Kapunguza mara kumi, kapunguza mara mia, bado unalipuka.

Jamani, hatua ya muda mnaisingizia.

Milinganyo ni miwili. Wa utando unasema masi ya kila mita ya mraba mara mchapuko ni sawa na nguvu ya mkazo wa utando uliopinda, jumlisha tofauti ya shinikizo la pande mbili. Wa maji ni Navier-Stokes, nao unadai maji yaliyogusa utando yaende kwa kasi ya utando. Programu nyingi tunazoandika zinatatua kwa zamu: utando unatoa mchapuko, maji yanajibu kwa shinikizo, utando unasogea tena.

Sasa chukua mpira wa unene wa nusu milimita, wenye densiti kama ya maji. Mita moja ya mraba ina nusu kilo. Ukitetema kwa wimbi la sentimita 20, unayasukuma pia maji ya pande zote mbili. Ukipuuza mnato, mzigo huo ni densiti ya maji mara urefu wa wimbi, gawanya kwa pai: kama kilo 64 kwa mita ya mraba. Nusu kilo imebeba kilo 64!

Kwa mtindo wa zamu, kosa dogo la mchapuko linageuka shinikizo, shinikizo linagawanywa kwa masi ya utando, na kosa linarudi likiwa mara 127, alama imegeuka. Hatua inayofuata, mara 127 tena. Itafute hatua ya muda kwenye hesabu hiyo, haimo. Hewani, kwa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, uwiano ni 0.15 tu, kwa hiyo kosa linajifia lenyewe.

Dawa moja ni kurudia zamu ndani ya hatua ileile mpaka pande zikubaliane, ukichukua kila raundi sehemu ndogo ya sahihisho, hapa chini ya asilimia 1.6. Inachosha. Mimi naipenda zaidi njia ya Charles Peskin, aliyoitoa mwaka 1972 akichunguza vali za moyo, vitu vyepesi ndani ya damu nzito. Kwake utando hauna mlinganyo wake wa mchapuko: unamwaga nguvu zake kwenye gridi ya maji, kisha unafuata kasi ya maji. Hakuna kugawanya kwa masi ndogo. Mkazo ukiwa mkubwa bado utabana hatua ya muda, ila hapo kuipunguza kunasaidia kweli.

Halafu pima. Mzigo ule unashusha masafa kwa kipeuo cha 128, karibu mara 11. Utando wa hezi 50 kwenye ombwe utoe kama 4.4 majini. Skrini ikikuonyesha 30, usimpelekee msimamizi, hata picha iwe na rangi gani.