Manahodha Wengi, Chombo Kimoja: Ugawaji wa Njia za Mtandao

Tuseme askari wa Rwanda aliye katika ulinzi wa amani mjini Bangui anampigia mkewe aliyeko Kigali kwa njia ya intaneti. Sauti yaja vipande vipande, kisha yakatika. Wote wawili hulaumu waya. Lakini pengine waya hauna hatia. Kosa limo katika foleni.

Rwanda haina pwani. Mawasiliano ya Kigali na ng'ambo hupita katika nyaya za nuru kupitia Uganda na Kenya hadi Mombasa, au kupitia Tanzania hadi Dar es Salaam, bandari ambazo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizifikia mwaka 2009. Njia ndefu namna hiyo ina gharama, na kila mteja hununua kiasi chake. Hivyo hapana budi awepo mgawaji: kompyuta inayopanga habari katika foleni, ikatanguliza ombi la msaada kutoka kituo cha polisi, ikachelewesha filamu, wala isimruhusu yeyote kuzidisha posho yake.

Kazi hiyo ni nzito. Katika njia ya gigabiti 10 kwa sekunde, hupita vifurushi vikubwa vya habari zaidi ya 800,000 kila sekunde. Kiini kimoja cha prosesa, yaani sehemu yake inayofanya hesabu, chaweza kuelemewa; basi huongezwa viini. Hapo wengi hushangaa kuona mwendo hauongezeki. Sababu ni kufuli. Katika Linux, utaratibu wa ugawaji uitwao HTB huweka foleni zote chini ya kufuli moja. Ni mfano wa ghala la silaha lenye daftari moja: hata wakiwekwa watunzaji wanane, mmoja huandika na saba husubiri zamu.

Je, kila mtunzaji apewe daftari lake? Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ofisi ikinunua megabiti 100, na viini vinne vikaruhusu 100 kila kimoja, itatumia 400 na kuwadhulumu wengine. Vikigawiwa 25 kila kimoja, kimoja kitakaa bure huku kingine kikizidiwa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kumweka kila mteja chini ya kiini kimoja daima, kama kikosi chini ya kamanda mmoja. Upungufu wake ni kwamba mteja mkubwa hawezi kupita nguvu za kiini chake. Ya pili ilielezwa na wataalamu wa Google mwaka 2017 katika mfumo wa Carousel, na Linux ikapokea njia ya namna hiyo mwaka 2018: kila kifurushi hupigwa muhuri wa wakati wa kuondoka, kisha hutolewa wakati huo ufikapo. Hesabu ya pamoja huguswa kitambo kidogo tu, wakati wa kupiga muhuri.

Kwa hiyo, afisa wa mawasiliano akishauriwa kununua prosesa yenye viini vingi zaidi, na aulize kwanza: kufuli ni ngapi, na daftari analo nani? Asipouliza, fedha zitatumika, viini vitasubiriana, na sauti ya askari yule haitafika nyumbani.