Mabaki ya vitenge yanavyogeuzwa kuwa ‘madirisha’ ya vioo vya rangi

MABAKI ya vitambaa yanayofagiliwa kila jioni katika vibaraza vya mafundi cherehani mkoani Mtwara huishia jalalani, au yakibahatika huwa matambara ya kufutia mafuta ya mashine. Kwa mwanamke wa Mpapura, kata iliyopo Wilaya ya Mtwara, ambako fedha ya maana huonekana wakati wa korosho na kuyeyuka kabla ya msimu mwingine, mabaki hayo ni malighafi isiyodai mtaji mkubwa. Tatizo ni kupata kazi itakayoyapa thamani kuliko kiraka cha kawaida.

Moja ya kazi hizo ni ushonaji wa mifarishi kwa mtindo wa madirisha ya vioo vya rangi. Mfarishi ni shuka la matabaka matatu: juu vipande vya vitambaa vilivyopangwa kwa ruwaza, katikati kitu chepesi cha kujaza, na chini kitambaa kizima. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono inayopita yote kwa pamoja.

Wanaotaka kuelewa mtindo huu hawana budi kuanza na dirisha lenyewe. Katika makanisa ya kale ya Ulaya, kama lile la Chartres nchini Ufaransa ambalo vioo vyake vingi ni vya karne ya 12 na ya 13, fundi alikata vipande vya kioo kilichotiwa rangi kwa madini, kobalti ikitoa buluu na shaba ikitoa nyekundu, kisha akaviunganisha kwa vijiti vya risasi. Risasi hiyo, ambayo mtazamaji huiona kama mstari mweusi, ndiyo hushika dirisha lisianguke.

Mwanzoni mwa karne ya 20, msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, aliachana na picha za watakatifu akabaki na miraba, pembetatu na mistari iliyonyooka. Madirisha aliyoyabuni mwaka 1912 kwa jengo la michezo ya watoto la familia ya Coonley, karibu na Chicago, yana maduara na miraba iliyotokana na maputo na bendera za gwaride. Ni michoro ya aina hii inayowafaa zaidi washonaji, kwa kuwa mstari ulionyooka ni rahisi kushona kuliko sura ya malaika.

Kwa wasomaji wa Dar es Salaam, vioo vya namna hiyo vipo nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Mjini Mtwara, Kanisa la Mtakatifu Paulo lililopo Majengo lina kuta zilizofunikwa na picha za rangi kali alizochora padri wa Kijerumani, Polycarp Uehlein, katika miaka ya 1970. Hizo ni rangi za ukutani wala si vioo, lakini mshonaji anayetafuta mfano wa kupanga rangi hana haja ya kwenda mbali.

Katika mfarishi, kazi ya risasi hufanywa na utepe mweusi. Mchoro huchorwa kwanza kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi, kila kipande kikipewa namba. Vipande vya vitambaa hukatwa kwa kufuata namba hizo bila kuachiwa nafasi ya mshono, hupangwa juu ya kitambaa chepesi cha msingi vikigusana kingo, kisha hupigwa bandi ili visihame. Baada ya hapo utepe hushonwa juu ya kila maungio, upande huu na upande ule, na kuzificha kingo zote mbichi.

Chukua mfano wa pambo la ukutani lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90, lililogawanywa katika miraba 24 ya sentimita 15, kila mraba ukikatwa pembe kwa pembe. Hapo zipo pembetatu 48. Mistari ya kusimama, ya kulala na ya mshazari, bila kuhesabu pindo la nje, inahitaji utepe wa karibu mita 11. Utepe uliokatwa kwa upana wa milimita 24 na kukunjwa mara tatu hubaki milimita 8. Hivyo robo mita ya kitambaa cheusi chenye upana wa sentimita 110 inatosha. Kwa kuwa kila utepe hushonwa pande mbili, cherehani itatembea zaidi ya mita 21 kabla ya matabaka kuunganishwa.

Mpangilio wa kushona una kanuni yake. Utepe ambao ncha zake zitafunikwa na mwingine ndio hushonwa kwanza. Katika mfano huu huanza mishazari, hufuata mistari ya kulala, kisha ya kusimama, na pindo la nje huja mwisho. Anayekiuka kanuni hiyo hubaki na ncha zinazochanuka na atalazimika kufumua. Kwa mistari iliyonyooka utepe waweza kukatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa. Penye mviringo ni lazima ukatwe hanamu, la sivyo utajikunja.

Hata hivyo, kinachowaangusha wengi ni rangi. Kitambaa cheusi kisichofuliwa kabla ya kushonwa huweza kuchuja katika ufuaji wa kwanza na kuchafua njano na nyeupe zote zilizo jirani, na kazi ya wiki nzima ikaharibika ndani ya beseni moja. Kila kitambaa kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Aidha, kitenge chenye maua makubwa hakifai sana hapa, kwa sababu kipande kidogo hakionekani tena kama kioo. Vitambaa vya rangi moja, au vyenye nakshi ndogo, ndivyo vinavyofaa, rangi nyepesi zikiwekwa kando ya nzito ili zionekane kama zinawaka. Kanga nayo ina pingamizi lake: ukiikata, jina linakatika, na wapo wanawake ambao hawatakubali.

Ushonaji wa vipande si mgeni kwa watu wenye asili ya pwani hii. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao wengi wao ni uzao wa Waafrika waliochukuliwa Afrika Mashariki, ikiwamo Msumbiji ng’ambo ya Ruvuma, na kupelekwa Goa na Wareno, hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Mshonaji huanzia kwenye kona na kuzunguka hadi katikati. Mwaka 2011 kazi zao zilioneshwa katika kituo cha Schomburg mjini New York.

Kwa Mpapura, joto halihitaji shuka nene. Sufi ya msufi, inayojaza mito ya nyumbani, hujikusanya mabonge ikifuliwa. Shuka kuukuu la pamba linafaa zaidi kuwa tabaka la kati. Bidhaa yenyewe iuzwe kama pambo la ukuta au kitambaa cha meza, si kama blanketi.

Bei ndiyo mtihani. Mabaki yanaweza kupatikana bure, lakini muda haupatikani bure, na mnunuzi huona kitambaa tu. Mshonaji anapaswa kuandika saa alizotumia kwa kila hatua, tangu kuchora hadi pindo, kabla ya kutaja bei. Mteja naye aambiwe mapema kwamba pambo hilo lisitundikwe penye jua la moja kwa moja, maana vitenge vingi hupauka, na nyekundu ikishapauka hairudi.