Kituo cha umeme kilichojificha ndani ya faili

Taa zote zilikuwa za kijani. Mbele yangu kwenye meza ya maabara kulikuwa na rilei mbili za watengenezaji tofauti, swichi ya mtandao katikati yake, na laptopu pembeni. Hakuna alamu hata moja. Nikabonyeza kitufe cha mashine ya majaribio, ile inayosukuma mkondo wa bandia ndani ya rilei mpaka iamini kwamba laini imepata hitilafu. Rilei ya kwanza ikashtuka, ikaamuru breka yake ikate. Breka hiyo nilikuwa nimeizuia makusudi isikate. Basi rilei ya kwanza ikafanya kile ilichopangiwa: ikatuma taarifa kwa mwenzake kwamba breka yangu imegoma, kata wewe.

Rilei ya pili haikufanya kitu. Kimya kabisa.

Fundi wetu wa maabara, mzee aliyefanya kazi kwenye vituo vya umeme kabla ya kuja chuoni, alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwanangu," akaniambia, "hapa ingekuwa kituoni kweli, pangeungua nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Ilinichukua siku nzima kujua kosa lilikuwa wapi, na kosa lenyewe lilikuwa namba moja tu ndani ya faili.

Tuanze na kituo chenyewe. Ukisafiri unaviona pembeni ya barabara: uwanja wa kokoto uliozungushiwa uzio, transfoma kubwa zinazonguruma, nguzo za chuma zenye vikombe vya kauri. Kituo cha kupoza umeme kazi yake ni kushusha volti, kwa mfano kutoka kilovolti 132 hadi 33, kisha kuugawa umeme kwenye laini mbalimbali. Kila laini ina breka yake, swichi kubwa yenye uwezo wa kukata mkondo hata wakati wa hitilafu. Lakini breka haina akili. Akili iko kwenye jengo dogo pembeni, ndani ya makabati ya chuma, ambako rilei zinapima mkondo na volti muda wote na kuamua: hii ni kawaida, hii siyo kawaida, kata.

Zamani, na kwenye vituo vingi hadi leo, kila taarifa ilikuwa na waya wake wa shaba. Ukitaka rilei ya laini izungumze na breka ya upande wa transfoma, unavuta waya. Ukitaka chumba cha uendeshaji kijue breka imekata au haijakata, unavuta waya mwingine. Matokeo yake ni mamia ya nyaya, kila mmoja na kijibandiko chake cha namba. Kazi ya kuchosha kwelikweli, ila ina raha yake: fundi anaweza kuufuata waya kwa kidole kutoka kabati hadi kabati. Ukichomoka, anauona umening'inia.

Kituo cha kisasa kimeondoa sehemu kubwa ya nyaya hizo na kuweka mtandao wa Etheneti. Kebo moja ya nyuzi za kioo inabeba taarifa ambazo zingehitaji nyaya nyingi za shaba. Sheria za mazungumzo hayo ziko kwenye kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEC 61850, ambacho sehemu zake za kwanza zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa swali: kama nyaya zimeondoka, ni nini kinachosema rilei ipi inamsikiliza nani? Ni faili. Mchoro wa nyaya umehamia kwenye maandishi.

Kitu cha kwanza ambacho kiwango hiki kilifanya ni kutoa majina. Kabla yake kila mtengenezaji alikuwa na namba zake za siri, unajikuta na jedwali la kurasa nyingi linalosema namba fulani ni mkondo na namba fulani ni breka. Kwa IEC 61850, breka inaitwa XCBR popote duniani. Ulinzi wa mkondo uliozidi ni PTOC, ulinzi dhidi ya breka iliyogoma ni RBRF, vipimo vya mkondo na volti ni MMXU. Hali ya breka unaitafuta kwenye XCBR, kipengele cha Pos. Na hapo kuna kitu ninachokipenda: jibu la Pos siyo ndiyo au hapana. Kuna majibu manne: imekata, imeunga, iko katikati ya safari, na haieleweki. Aliyeandika hivyo alivijua vyuma. Breka inachukua muda kusogea, na waya unaoleta taarifa yake unaweza kukatika, kwa hiyo mashine lazima iwe na namna ya kusema "sijui".

Usanidi wenyewe unafanyika kwa programu za kihandisi. Rilei za Siemens zina DIGSI, za ABB zina PCM600, za SEL zina AcSELerator, na kila moja ina tabia zake za kuudhi. Lakini zote zinatakiwa kubadilishana faili za lugha moja iitwayo SCL, ambayo kwa ndani ni maandishi ya XML. Unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia na kuisoma, ingawa macho yatakuuma. Faili ya ICD ni kama CV ya kifaa: mimi ni rilei ya aina hii, ninaweza kufanya haya. Unachukua CV za vifaa vyote vya kituo, unaziingiza kwenye programu moja ya kusanidi mfumo mzima, unapanga nani anatuma nini na nani anapokea. Kinachotoka ni SCD, faili ya kituo kizima. Kutoka kwenye SCD kila kifaa kinapewa kipande chake, CID, kinachopakiwa ndani yake. Kwa nadharia, SCD ndiyo kituo. Ukitaka kubadilisha chochote, unaanzia hapo.

Kwa nadharia. Nitarudi hapo.

Mipangilio ya ulinzi nayo inapitia programu hizohizo, na huko kuna makosa ya aina nyingine. Mfano rahisi. Rilei haipimi mkondo wa laini moja kwa moja, inapewa mkondo mdogo na transfoma ya kupimia, wenyewe tunaiita CT. Tuseme CT ya kwenye laini ni 300/1: laini ikibeba ampia 300, rilei inaona ampia 1. Mhandisi kwenye programu ameandika 600/1, labda kwa sababu alinakili mipangilio ya laini ya jirani. Ameweka kwamba laini ikatwe mkondo ukizidi ampia 400. Rilei inagawa 400 kwa 600, inapata ampia 0.67, inasubiri kiasi hicho. Lakini kwa CT iliyopo, ampia 0.67 zinatokea laini ikiwa na ampia 200 tu. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha majiko, mtaa unakatika bila hitilafu yoyote. Geuza kosa lile, CT iwe 600 na programu iseme 300, rilei italala mpaka ampia 800. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu halijitangazi.

Sasa turudi kwenye zile rilei mbili. Taarifa za haraka kama ile ya breka iliyogoma zinasafiri kwa ujumbe uitwao GOOSE. Ndiyo, kwa Kiingereza ni bata bukini, ni kifupisho tu kilichoangukia hapo. Mimi huuelewa vizuri zaidi kama mbiu ya mgambo. Mpiga mbiu hamtafuti mtu mmoja mmoja wala hasubiri jibu. Anapiga, anayehusika asikie. GOOSE nayo inarushwa kwenye mtandao bila kusubiri uthibitisho wa yeyote, kwa sababu amri ya kukata inatakiwa kufika ndani ya milisekunde 3 na hakuna muda wa kuulizana "umenipata?" Badala ya kusubiri jibu, mtumaji anarudia. Jambo likitokea, anapiga mara kadhaa kwa milisekunde chache chache, kisha anapunguza mwendo taratibu. Tofauti na mbiu ya kijijini, hii inalia hata pasipo na jambo, tuseme kila sekunde moja au mbili, ili msikilizaji ajue mpiga mbiu bado yuko hai.

Ndani ya kila ujumbe kuna namba iitwayo confRev. Ni namba ya toleo la usanidi: inamwambia msikilizaji kwamba vitu ninavyokutumia vimepangwa kwa mpangilio wa toleo hili. Msikilizaji naye kwenye faili yake ameandikiwa atarajie toleo gani. Vikitofautiana, anautupa ujumbe. Na ana haki, maana ujumbe wenyewe ni orodha ya thamani tu, hauji na maelezo. Kama kitu cha tatu kwenye orodha jana kilikuwa "breka imegoma" na leo ni "springi imejazwa", kusoma kwa mazoea ni kukata umeme wa watu bure.

Kosa langu lilikuwa hilo. Siku mbili kabla ya jaribio nilitaka kuongeza taarifa moja tu kwenye orodha ya rilei ya kwanza, hali ya springi ya breka. Nikaifungua kwenye programu ya mtengenezaji wake, nikaongeza, nikapakia. Dakika kumi, nikaenda kula. Programu ikapandisha toleo kutoka 1 hadi 2, kama inavyotakiwa. Sikurudi kwenye SCD, kwa hiyo rilei ya pili iliendelea kusubiri toleo la 1. Nilipoweka Wireshark kwenye mtandao niliona mbiu inapita vizuri kabisa, ujumbe baada ya ujumbe. Rilei ya pili ilikuwa inausikia na kuutupa, siku mbili mfululizo.

Pangeungua nini, basi? Breka ya laini ikigoma, hitilafu inaendelea kulishwa kupitia transfoma. Mbiu ikifika, breka ya transfoma inakata ndani ya kama sekunde 0.3 tangu hitilafu ianze. Isipofika, unabaki na ulinzi wa akiba wa rilei ya pili, ambao makusudi umecheleweshwa, kwenye meza yangu ulikuwa sekunde 1. Joto linalozalishwa na mkondo uleule huongezeka sawasawa na muda, kwa hiyo waya, viungio na koili za transfoma zinapokea zaidi ya mara tatu. Na kama hitilafu ni cheche kubwa ndani ya kabati ambako kuna mtu anafanya kazi, hiyo tofauti ya sehemu saba za kumi za sekunde ni mwili wa mtu. Nilimjibu mzee hivyo kesho yake. Akaitikia kwa kichwa tu.

Kinachonisumbua zaidi ni ile "kwa nadharia". Kituoni, saa nane usiku, laini imegoma kurudi, mhandisi ana laptopu na programu ya mtengenezaji. Atarekebisha moja kwa moja kwenye kifaa, kama nilivyofanya mimi nikiwa na muda wote duniani. Hapo vinazaliwa vituo vitatu: kilichomo kwenye rilei, kilichomo kwenye laptopu yake, na kilichomo ofisini kwenye faili lenye jina kama kituo_mwisho_kabisa_3. Anayekuja baadaye akipakia toleo la ofisini bila kwanza kusoma kilichomo kwenye kifaa, anafuta matengenezo ya usiku ule.

Laptopu hiyo ina uzito mwingine pia. Usiku wa tarehe 17 Desemba 2016, kituo kimoja cha usafirishaji umeme karibu na Kyiv, Ukraine, kilizimwa na programu haribifu, na sehemu kama moja ya tano ya matumizi ya jiji ikakosa umeme kwa takriban saa moja. Watafiti wa kampuni ya ESET walipoichambua na kuipa jina la Industroyer mwaka 2017, walikuta imebeba vipande vinavyozungumza lugha za vituoni, IEC 61850 ikiwamo. Haikuhitaji kuvunja lugha hizo, ilizijua. GOOSE yenyewe haina nenosiri. Kuna kiwango kingine, IEC 62351, kinachoongeza uthibitisho wa mtumaji, lakini lazima mtu akiwashe, na vifaa vya zamani havikijui.

Kuna jambo moja sijalisema. Rilei ya pili ilijua. Toleo la pili la IEC 61850 lina kipengele kiitwacho LGOS, ambacho kazi yake ni kufuatilia kama mbiu unayoisubiri inapokelewa sawasawa. Kilikuwa kimeandika kwamba hapokei, tangu dakika ile nilipokwenda kula. Ila kwenye usanidi sikuwa nimekiunganisha na taa wala alamu yoyote, kwa hiyo taa zikabaki kijani.

Wiki ile nilirudi kwenye SCD, nikaongeza springi huko, nikatoa CID mpya za rilei zote mbili na kuzipakia. LGOS nikaiunganisha na taa nyekundu ya kwanza juu kabisa ya rilei ya pili. Mzee hakusubiri jaribio lirudiwe. Alinyoosha mkono akachomoa kebo ya mtandao, akatazama saa yake. Sekunde nne, taa ikawaka.