Je, Wajua? Lebo Isiyo na Chipu Hujitaja kwa Mwangwi

Je, wajua kwamba kibandiko cha kuzuia wizi kwenye pakiti ya nyembe au kopo la maziwa ya mtoto katika supamaketi huwa hakina chipu wala betri? Aina moja iliyoenea sana ni mzingo wa alumini nyembamba kwenye karatasi, uliokadiriwa uitikie mawimbi ya megahezi 8.2 pekee. Nguzo mbili za mlangoni hurusha mawimbi yanayopanda na kushuka kuzunguka kiwango hicho. Kibandiko kikipita kati yake, mzingo hunyonya nguvu kidogo na kuirudisha, nguzo zinahisi, kengele inalia. Mhudumu wa kaunta akishapokea pesa, hukipitisha juu ya kifaa kinachokipiga kwa mawimbi makali. Sehemu dhaifu iliyoachwa makusudi ndani yake huungua, na kibandiko kinanyamaza. Kabla ya hapo kilijua neno moja tu: nipo.

Je, wajua kinachotokea ukiweka mizingo 20 kwenye kibandiko kimoja, kila mmoja na masafa yake? Mzingo uliopo unahesabiwa 1, uliofutwa unahesabiwa 0, na tayari una majina 1,048,576 yasiyofanana. Hilo ndilo wazo la lebo isiyo na chipu. Kisomaji hurusha mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja, kisha hukagua yaliyorudi: yapi yamedhoofika, yapi yameongezeka nguvu. Jina la bidhaa liko katika umbo la wino au chuma kilichochapwa, basi. Hakuna kumbukumbu ya kuandikwa, hakuna sakiti ya kufikiri. Mwaka 2009, Stevan Preradovic na Nemai Karmakar wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walieleza lebo ya namna hii yenye biti 35. Hizo ni namba zaidi ya bilioni 34.

Mpaka wa chini wa ukubwa wa lebo hiyo unawekwa na urefu wa wimbi. Wimbi la gigahezi 3 lina urefu wa sentimita 10. La gigahezi 10 ni sentimita 3. Ndiyo maana wabunifu hukimbilia masafa ya juu, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, ambayo Marekani iliyafungua mwaka 2002 kwa matumizi ya nguvu hafifu mno: nanowati 74 hivi kwa kila megahezi.

Je, wajua kwamba kifaa cha ukoo wa lebo isiyo na chipu kiliwahi kumpeleleza balozi? Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa shule wa Umoja wa Kisovieti walimkabidhi Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa katika makazi ya balozi, na mabalozi waliomfuata waliiacha palepale. Ndani yake mlikuwa na kopo dogo la chuma, utando mwembamba na antena. Warusi walipoimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje, sauti za watu chumbani zilitikisa utando, na mawimbi yaliyoakisiwa yakatoka yamebeba mazungumzo. Mtaalamu aliyeibuni alikuwa Leon Theremin, yule yule wa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Wamarekani waliigundua mwaka 1952. Miaka saba ilisikiliza bila kutumia tone la umeme wake yenyewe.

Mwaka 1948, mhandisi Harry Stockman alichapisha makala ya kuonyesha kwamba nguvu iliyoakisiwa inaweza kutumika kwa mawasiliano.

Na je, wajua ng'ombe alichangia nini katika elimu hii? Mwaka 1975, Alfred Koelle, Steven Depp na Robert Freyman wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walitangaza kifaa kisicho na betri kilichojitambulisha kwa kuakisi mawimbi. Miongoni mwa walengwa wa kwanza walikuwa mifugo: serikali ilitaka kumjua kila ng'ombe na joto la mwili wake bila kumkamata. Teknolojia inayonasibishwa na maghala na barabara za kulipia ilipitia zizini pia.

Wamaasai wa Kaunti ya Kajiado, Kenya, walikuwa na jibu lao zamani: sikio lililokatwa kwa mtindo maalumu na alama ya chuma cha moto ubavuni, vikionyesha ukoo na mwenye mali. Msomaji anasimama mbali, anaangalia mwanga ulioakisiwa, anajua ni ng'ombe wa nani. Alama hiyo haiibiwi kwa kunyofolewa. Kule Amboseli, ndani ya kaunti hiyohiyo, watafiti walioanza na Cynthia Moss mwaka 1972 huwatambua tembo mmoja mmoja kwa mikato na mipasuko ya masikio. Umbo ndilo jina, sawasawa na lebo isiyo na chipu.

Hereni za kielektroniki za mifugo ni kitu kingine: hizo zina chipu, na nyingi husomwa kwa kilohezi 134.2 kutoka karibu. Namba yake ina tarakimu 15. Tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: 404 ni Kenya, 834 ni Tanzania, 800 ni Uganda. Nafasi inayobaki kwa kila nchi inatosha wanyama zaidi ya bilioni 274. Tanzania ilipoanza kuvalisha mifugo hereni hizo, mfugaji alitozwa shilingi 1,750 za huko kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi, na wafugaji wengi walilalamika. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Bariadi, Simiyu, kampeni ya kuchanja na kutambua mifugo, safari hii hereni zikitolewa bure. Faru nao wamo: mwaka 2013, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilipewa na WWF chipu 1,000 za kupandikiza kwenye pembe.

Kwa nini basi tusimvalishe ng'ombe lebo isiyo na chipu, kwa kuwa ni rahisi zaidi? Nimeulizwa hivyo, na jibu langu ni: bado. Mwili wa ng'ombe umejaa maji, na maji humeza mawimbi ya gigahezi. Tena mwangwi hudhoofika haraka ajabu: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayorudi hubaki sehemu moja ya 16, mara tatu, sehemu moja ya 81. Lebo nyingi za aina hii husomwa kutoka sentimita chache hadi kama mita moja. Zikipangwa mbili pamoja, sauti zao huchanganyika. Mfugaji asiuziwe ndoto.

Kuna ufumbuzi mmoja unaonivutia kuliko mwingine wowote. Shida kubwa ya kisomaji ni kelele: ukuta, meza, bati la paa, vyote vinarudisha mawimbi, na mwangwi wa lebo unazama humo, kama vile umeita mtu kwenye Vilima vya Ngong ukajibiwa na kila bonde. Basi wahandisi walichukua fuwele ya lithiamu niobeti na kuyabadilisha mawimbi ya redio kuwa mtikisiko unaotambaa juu ya uso wa fuwele. Mtikisiko huo huenda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde, ilhali wimbi la redio huenda kilomita 300,000. Kwa hiyo, wakati mtikisiko unapita milimita 3.5 za fuwele, redio imekwenda mita 300. Vistari vya chuma vilivyochorwa kwenye fuwele huurudisha mtikisiko kwa zamu, na mpangilio wa zamu hizo ndio namba. Majibu yanapotoka, kelele za chumba zote zimekwisha kufa. Hakuna transista hata moja, na lebo hizo huvumilia joto kali linaloua chipu za kawaida. Ubaya ni bei: fuwele haichapwi kwa wino.

Wino unachapwa Ufaransa. Etienne Perret na wenzake wa Grenoble, wakifanya kazi katika maabara ya Valence, walichapa lebo za wino wenye chembe za chuma juu ya karatasi kwa mitambo ya kuchapia vifungashio. Huko ndiko bei inakoelekea kushindana na msimbo wa mistari (barcode). Msimbo huo ulisomwa kaunta kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 kule Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Misimbo ya bidhaa zilizosajiliwa Kenya huanza na 616, angalia unga wako. Tofauti ni kwamba msimbo unahitaji kuonekana, na mawimbi ya redio hupenya katoni.

Je, wajua pia kwamba lebo za fuwele hupima joto bila kuongezewa kitu? Fuwele ikipata moto, mtikisiko hubadili mwendo wake. Nyakati za majibu huhama kidogo, na kisomaji hupata namba na nyuzijoto kwa mpigo mmoja. Mimi ningeanza na maziwa yanayotoka bomani kuelekea miji ya Kitengela na Rongai. Debe la alumini ni mtihani, kwa sababu chuma chenyewe huakisi kila kitu, lakini lebo inaweza kubuniwa na bamba lake la chuma upande wa chini, likitenganishwa na antena kwa tabaka la plastiki. Milimita chache za plastiki zinatosha.