Kabla ya Kununua Mashine ya Kufulia, Muulize Fundi Atakayeifungua

Tangazo linalopendwa na wauzaji wa mashine za kufulia siku hizi ni dhamana ya mota ya miaka 10. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila haigusi panapouma. Mota ya kisasa isiyotumia brashi za kaboni haina cha kusagika zaidi ya beringi zake, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuidhamini miaka mingi bila hofu. Kinachokufa mapema ni bodi ya elektroniki inayoiendesha mota hiyo, beringi za dramu, sili ya mpira inayozikinga na maji, na pampu ya kutolea maji machafu. Hivyo vyote kwa kawaida viko ndani ya dhamana ya mwaka mmoja au miwili tu. Familia ya watu sita, yenye sare za shule, shuka, taulo na nguo za mtoto mchanga, itaiwasha mashine karibu kila siku, na dhamana hiyo itakwisha wakati nyumba nzima imeshasahau kukamua kwa mikono.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu saa zinazookolewa hapa zina mwenyewe. Katika nyumba zetu nyingi anayeinamia beseni ni mama, binti, dada wa kazi au mama fua, na mgongo unaouma ni wake. Mashine inayoharibika mwaka wa tatu humrudisha pale pale kwenye beseni, na fedha za familia zimeshakwenda.

Mwaka 1959 mkemia Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel nchini Ujerumani, alieleza kuwa usafi wa nguo hutegemea vitu vinne: kemikali ya sabuni, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, sharti uongeze vingine. Dobi anayefulia maji baridi hufidia kwa nguvu za mikono na kwa kuroweka nguo usiku kucha. Mashine ya mlango wa mbele hupata msuguano wake kwa njia rahisi: dramu yenye kipenyo cha karibu nusu mita huzunguka takriban mara 50 kwa dakika. Kasi hiyo haitoshi kuzibandika nguo kwenye kuta za dramu, kwa hiyo hupanda hadi karibu na juu, kisha huanguka kwa uzito wake na kupiga maji yaliyo chini.

Hapo ndipo sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono inapoleta matatizo. Imetengenezwa itoe povu jingi, kwa sababu anayefua kwa beseni hupenda kuliona. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo hujaza dramu, nguo huangukia povu badala ya maji, na mabaki ya sabuni hujikusanya nyuma ya dramu ambako hakuna mkono unaofika. Nitarudi kwenye sehemu hiyo ya nyuma, maana ndiko mashine nyingi zinakofia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba sabuni ya povu dogo, iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, ni sehemu ya bei ya mashine yenyewe, na mnunuzi aihesabu tangu mwanzo.

Maji ya nyumba huamua mengi kuliko jina la mtengenezaji. Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8 hutumia takriban lita 45 hadi 60 kwa mzunguko mmoja wa kufua na kusuuza, wakati nyingi za mfuniko wa juu hutumia lita 100 na zaidi. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa boza au hutoka mara mbili kwa wiki, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini mashine ya mlango wa mbele inataka maji yenye msukumo. Nyingi huhitaji angalau baa 0.3 hadi 0.5 ili zijaze kwa wakati. Zisipoupata, husimama na kuonyesha alama ya hitilafu, na mwenye nyumba hudhani imeharibika. Kila mita ya kimo, kutoka kwenye mashine hadi usawa wa maji tangini, hutoa takriban baa 0.1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3 linaihudumia mashine iliyo chini kwa shida. Katika jengo lenye tangi juu ya paa, mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa ndiye mwenye msukumo mdogo kuliko wote, na atahitaji pampu ndogo. Asiyeweza kupata pampu wala tangi la juu asione aibu kununua mashine ya matangi mawili, ile ya kujazwa kwa ndoo. Haina bodi ya kuungua, kila fundi anaijua, na upande wake wa kukamulia hukamua vizuri. Inachodai ni mtu wa kusimama karibu na kuhamisha nguo.

Kuna pia yaliyomo ndani ya maji. Mombasa na Unguja zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji ya visima vyake hubeba kalsiamu nyingi. Visima vingi vya Dar es Salaam navyo vina chumvi. Kalsiamu hushikana na sabuni na kuipunguzia nguvu, na maji yanapopashwa moto huganda juu ya hita kama ukoko mweupe. Hita iliyovikwa ukoko hupasha maji polepole, hula umeme zaidi na mwisho huungua. Dawa ni kuiendesha mashine tupu kwa maji ya moto yenye asidi ya sitiriki kila baada ya miezi michache, na kufuata kipimo cha kijitabu cha mashine. Asidi hiyo isikutane kamwe na jiki, kwa kuwa mchanganyiko wao hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Sasa twende nyuma ya dramu. Dramu ya chuma kisichoshika kutu hushikiliwa na kitu chenye mikono mitatu, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu, na katikati yake hutoka ekseli inayopita kwenye sili na beringi mbili. Aluminiamu iliyoungana na chuma hicho ndani ya maji ya sabuni yenye chumvi huliwa polepole, na mabaki ya sabuni ya unga yaliyonata huko huharakisha kazi hiyo. Sili nayo ikichoka, maji hupenya hadi kwenye beringi, grisi huoshwa, kutu huingia, na mashine huanza kunguruma kama lori kila inapokamua.

Beringi na sili si vitu vya gharama kubwa. Swali ni kama zinafikika. Mashine za zamani zilikuwa na tangi la nje lililofungwa kwa boliti: fundi anafungua, anabadilisha, anafunga. Mashine nyingi za sasa zina tangi la plastiki lililounganishwa moja kwa moja kiwandani. Beringi ikifa, unauziwa tangi zima pamoja na dramu yake, na bei inakaribia ile ya mashine mpya. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni, zilizoanza kutumika Machi 2021, zinazowataka watengenezaji kuwa na vipuri vikuu vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa, beringi za dramu zikiwemo. Hata hivyo kanuni hizo zinaruhusu beringi kuuzwa zikiwa zimefungamanishwa na dramu. Kwa hiyo hata huko mnunuzi analazimika kuuliza, na huku kwetu, ambako kanuni hizo hazitufuati, anapaswa kuuliza mara mbili.

Ushauri wangu ni kuanzia kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Mtafute fundi anayeshinda akizifungua mashine hizi, umuulize maswali matatu. Ni modeli zipi ambazo tangi lake hufunguka? Bodi za modeli zipi zinapatikana Kariakoo au Nairobi bila kuagiza nje? Na ni zipi anazoletewa zaidi ndani ya miaka mitatu ya kwanza? Jibu la swali la tatu lipimwe kwa busara, maana mashine inayouzwa sana ndiyo pia itakayoonekana sana kwa fundi. Majibu ya mawili ya kwanza hayana utata.

Bodi inanileta kwenye umeme. Umeme ukikatika na kurudi, volti zinaweza kuruka juu kwa muda mfupi, na muda huo unatosha kuiua bodi. Kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha umeme kwa dakika chache hadi utulie ni cha lazima. Ila mashine inayopasha maji moto huvuta takriban wati 2,000, yaani karibu ampea 9 kwenye volti 230. Kile kidogo cha friji cha ampea 5 hakifai hapa; kitayeyuka. Kinunuliwe cha ampea 13, na mashine ipewe soketi yake peke yake, bila waya wa kuongezea.

Wenye ndugu Marekani, wanaopanga kupakia mashine kwenye kontena, wafikiri tena. Mashine za kule nyingi hutumia volti 120 na hezi 60. Transfoma hubadilisha volti lakini haigusi hezi, na mota ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 ikipewa 50 huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17 na hupata joto kupita kiasi. Zinazotoka Ulaya au Dubai hazina tatizo hilo.

Je, mashine ya kukaushia? Hapa fizikia iko wazi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwenye nyuzi 40 za Selsiasi kunahitaji takriban theluthi mbili ya uniti ya umeme, hata kama hakuna joto linalopotea. Kilo 7 za pamba zilizokamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na karibu lita 5 za maji. Kwa mizunguko 1,400 hubaki na karibu lita 3 na nusu. Kwenye mizunguko 1,400 nguo iliyo ukingoni mwa dramu husukumwa kwa nguvu zaidi ya mara 500 ya uzito wake. Kwenye 800, chini ya mara 200. Tofauti hiyo ya lita moja na nusu ni karibu uniti nzima kila unapokausha, wakati ukamuaji wenyewe hula sehemu ndogo sana ya uniti. Kasi ya kukamua, basi, ndiyo kikaushio cha kwanza, na anayeanika kambani pia hufaidika, kwani nguo zake huanuliwa mapema.

Kwa miezi mingi ya mwaka jua letu linatosha. Shida ni masika, nguo zinaposhinda kambani siku mbili na kutoa ile harufu ya unyevu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kuwa harufu hiyo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayestahimili ukavu na kuamka nguo zikikaa na maji. Kufua kwa nyuzi 60 humpunguza; kufua kwa maji baridi humwacha. Kuna pia yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi, hasa ya watoto. Bibi zetu waliopiga pasi hadi nepi walikuwa sahihi kabisa, na joto la kikaushio hufanya kazi hiyo hiyo.

Familia inayoamua kununua kikaushio inunue chenye pampu ya joto. Hakitoi mvuke nje wala hakitupi moto wake. Hukusanya joto na kulitumia tena, na hula takriban nusu ya umeme wa vile vya hita au chini ya hapo. Uswisi iliacha kuruhusu vikaushio vipya vya aina nyingine tangu 2012. Mashine moja ya kufua na kukausha siipendekezi kwa nyumba yenye watu wengi: inayofua kilo 8 kwa kawaida hukausha 5 tu, kwa hiyo nguo nyingine lazima zitolewe, nyingi hutumia maji ya ziada kupoza mvuke, na ikiharibika unakosa huduma zote mbili.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, ningeweka zote kwenye mashine ya mlango wa mbele ya kilo 8, yenye hita na mizunguko 1,200 au zaidi, pamoja na kinga ya umeme, na kikaushio kingesubiri. Siku ya kuifunga, hakikisha boliti za kusafirishia zilizo nyuma, kwa kawaida nne, zimetolewa kabla ya kuwashwa. Zikisahaulika, mashine huruka sakafuni na kuvunja vilivyomo ndani, na dhamana haitakulinda. Zifungwe kwenye mfuko pamoja na risiti, kwa sababu ukihama nyumba zitahitajika tena.