KANGA MMOJA, RISASI NGAPI? HESABU YA SHOTIGANI KULE SINGIDA

Kijana wa mjini, acha kucheka kwanza. Najua ukisikia Singida akili yako inakimbilia kuku, alizeti na upepo. Lakini ukishika njia ya Manyoni hadi Itigi utakuta watu ambao kijiweni hawabishanii Simba na Yanga peke yake. Wanabishana risasi za shotigani. Ipi ya bei poa, ipi inaangusha, ipi ni kelele tupu!

Bishano hilo nililijua kwa mjomba wangu. Ana shotigani kongwe ya mitutu miwili, ya halali kabisa, na kitabu cha leseni hakibanduki kwenye mfuko wa shati. Siku tuliyokwenda kufuata kanga pembeni mwa mashamba ya uwele alikuwa na boksi jipya la risasi za bei chee. Njia nzima anajisifu kwamba ameula. Hadi jua linapanda tumefyatua risasi saba, kanga mkononi wawili. Wengine watatu niliwaona kwa macho yangu wakiyumba, manyoya yanapukutika, kisha wakazama kichakani. Na kichaka cha Itigi usiombe: vijiti vimesongamana mpaka mbwa mwenyewe anageuka kukuangalia kama vile umemkosea.

"Mjomba, hizo risasi zimekuibia," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Kanga wa siku hizi wana roho ngumu."

Roho ngumu wapi, bwana! Tatizo lilikuwa kwenye boksi. Risasi ya shotigani si kipande kimoja cha chuma kama ya rifle. Ni ganda lenye baruti, kizibo, halafu marisau, zile chembe ndogo za risasi nyeusi zinazotoka kama mchanga uliorushwa. Ndege haangushwi na kishindo. Anaangushwa na chembe nne au tano zilizomfika mwilini kwa wakati mmoja zikiwa bado na nguvu. Zikimfika mbili dhaifu anaruka zake, anakwenda kufa mahali ambapo atamfaidi fisi.

Sasa twende kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Kwa vipimo vya Kiingereza, gramu 28 za marisau Namba 6 ni chembe kama 270. Namba 4 ni 170. BB ni 70 tu. SSG, ambayo wengi huiita ya nguruwe, ni chembe 15. Kuna jamaa wanaona SSG ndiyo babu kubwa, eti kikubwa ndicho kinachoua. Haya, chembe 15 zikishatawanyika hatua 40 mbele, kanga anaweza kusimama katikati yao akajikuna. Kwa kanga, Namba 5 au 6 ndiyo mahali pake. Namba 4 kwa mwenye mtutu uliobanwa mdomoni. Na usimeze namba bila kuuliza boksi limetoka nchi gani. Namba 6 ya Marekani ni kubwa kuliko ya Kiingereza, kwa gramu zile zile 28 unapata chembe 225 hivi. Namba ileile, mzigo tofauti!

Nilimshawishi mjomba tufanye jaribio. Tukatafuta ukingo mrefu wa udongo ambao nyuma yake hakuna njia wala mji wa mtu, tukasimamisha karatasi pana, tukahesabu hatua 40. Kila aina ya risasi karatasi yake, mtutu uleule. Halafu unachora duara la upana wa sentimita 76 pale matundu yalipojaa zaidi, unahesabu. Mtutu uliobanwa sana unatakiwa uingize chembe kama 70 katika kila 100 ndani ya duara hilo, ule usiobanwa kabisa kama 40. Ile ya bei chee iliacha karatasi kama mkeka ulioliwa na panya: huku matundu yamerundikana, kule peupe unapita kanga na wanawe. Ile ya bei mbaya ilitawanyika sawasawa. Mjomba alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake.

Tuingie kwenye mshiko. Bei za dukani zinabadilika, kwa hiyo huu ni mfano wa hesabu tu. Risasi ya kwanza tuseme buku tatu, ya pili buku nne na nusu. Piga kumi kumi. Ya kwanza umetumia 30,000 ukapata kanga watatu: kila mmoja amekugharimu msimbazi mzima. Ya pili umetumia 45,000 ukapata sita: kila mmoja 7,500. Nani kaula hapo? Na sijahesabu wale waliokwenda kufia kichakani.

Lakini bei mbaya si tiketi ya ubora kila mara. Boksi lenye maandishi ya kutisha, baruti nyingi na marisau mengi, linakuvunja bega bila kuongeza kanga hata mmoja. Tena kuna hatari. Bunduki nyingi za wazee zilitengenezwa kwa ganda la milimita 65. Ganda la milimita 70 linaingia vizuri na bunduki inafunga, lakini likilipuka linafunguka mbele likakosa nafasi, presha inapanda ghafla. Mtutu ukipasuka, vidole havina spea. Fundi apime chemba kabla hujatoa hela.

Kuhusu gobore nisizungumze sana. Baruti ya kukisia, vipande vya nondo na misumari: rahisi, ndiyo, mpaka siku inapokupasukia usoni. Na huna leseni.

Maana leseni ni mbili: ya silaha, chini ya sheria ya mwaka 2015, na ya kuwinda, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yapo chini ya TAWA, si mahali pa kuingia kimya kimya ukitarajia kitoweo.

Halafu suala la sumu. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi nyeusi kwa kuwindia bata mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023, kwa sababu ndege wa majini huyameza wakidhani ni changarawe, wanakufa taratibu. Ukiangalia ndege wa ziwa Singidani na Kindai unaelewa. Marisau ya chuma yapo, ila ni mepesi, hivyo unachukua chembe kubwa zaidi, na hayafai kwenye mitutu ya kizee.

Nyumbani shangazi alituwekea wale kanga wawili. Tonge la pili tu, mjomba akauma risau, akashika shavu. Kesho yake asubuhi alinituma sokoni nikamletee kuku.