Soko la Mikeka: ya Kulalia na ya Mazoezi

Mkeka anaouziwa mnunuzi wa Kapolowe, kati ya Lubumbashi na Likasi, unaweza kuwa wa aina tatu: uliosukwa kwa majani, uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, au wa sponji na mpira kwa ajili ya mazoezi ya viungo na yoga. Kila aina ina malighafi yake, njia yake ya kufika sokoni na kazi inayoifaa.

Mkeka wa majani ndio wenye mizizi mirefu zaidi. Kuanzia Bonde la Upemba hadi Luapula, matete na mafunjo yamekuwa malighafi ya wasukaji kwa vizazi vingi. Mimea hiyo humea pia kando ya Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, ambalo kituo chake kilianza kazi mwaka 1930. Huko pwani ya Afrika Mashariki malighafi ni ukindu na miyaa: majani huchanwa na kukaushwa, yanayotakiwa rangi huchemshwa nayo, kisha husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Gharama kubwa ya mkeka huu ni siku za kazi ya mikono. Unafaa kulalia na kukalia kwa kuwa unapitisha hewa. Kwa mazoezi una kasoro mbili: huteleza juu ya saruji, na hauzuii ugumu wa sakafu usifike magotini.

Mkeka wa plastiki umeenea kwa sababu nyepesi kuelewa. Haunywi maji, huoshwa kwa ndoo moja na kukauka haraka, jambo lenye uzito katika miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili. Hukunjwa ukawa mdogo, hivyo lori moja hubeba mingi. Lakini nao huteleza, na jua kali huzifanya nyuzi zake zikatike.

Mkeka wa mazoezi ni bidhaa changa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 walimu wa yoga wa Ulaya na Marekani walianza kutumia mpira wa kuwekwa chini ya zulia, kwa kuwa ulishika miguu isiteleze, viwanda vikafuata. Katika Afrika Mashariki, Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefundisha walimu wengi vijana. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa siku ya kimataifa ya yoga.

Kwa anayenunua mkeka wa mazoezi, unene ndio wa kuangaliwa kwanza. Milimita 1 hadi 2 humfaa msafiri. 3 hadi 4 humfaa anayesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu unyayo huisikia sakafu. 5 hadi 6 humfaa mwenye magoti yanayouma. Sponji ya milimita 10 au zaidi ni nzuri kwa mazoezi ya kulala chali, ila mtu akisimama juu yake huyumba. Urefu wa kawaida ni sentimita 173 kwa upana wa 61. Mtu mrefu hutafuta wa 183.

Malighafi huja ya pili. PVC, aina ya plastiki, ni imara na hushika vizuri, lakini ni vigumu kuirejeleza. Sponji nyepesi hubonyea na kubaki na mashimo mapema. Mpira wa asili hushika kuliko vyote, ila ni mzito, huharibiwa na jua, na haumfai mwenye mzio wa utomvu wake. Kongo ya enzi za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ilijulikana duniani kwa mpira uliovunwa kwa mateso. Leo Thailand ndiyo inayoongoza kwa zao hilo, na barani Afrika ni Côte d'Ivoire.

Bei hubebwa pia na usafiri. Mzigo unaoshuka bandari ya Dar es Salaam au Durban hupita Zambia na kuingia Haut-Katanga kwa mpaka wa Kasumbalesa. Sponji ni nyepesi lakini hujaza nafasi, hivyo kadiri mkeka unavyokuwa mnene ndivyo nauli yake inavyopanda.

Kupima mkeka dukani hakuhitaji chombo. Mkeka hutandikwa sakafuni, kiganja kikasukumwa mbele: ukisogea, hautashika mguu wenye jasho. Kidole gumba kikiubonyeza, shimo linapaswa kuinuka mara moja. Harufu kali ya plastiki isiyokwisha baada ya kuanikwa siku kadhaa ni dalili ya malighafi duni.

Kilicho rahisi siku ya kununua huweza kuwa ghali mwishoni: mkeka unaochanika kila baada ya miezi sita hununuliwa mara nne ndani ya miaka miwili. Mkeka mzuri hudumu kwa kufutwa vumbi jekundu la kiangazi, kuoshwa kwa sabuni isiyo kali, kuanikwa kivulini na kukunjwa ukiwa mkavu.